Nyumba Isiyo na Viti

Viti vyetu viliondoka nyumbani Jumamosi moja juu ya mkokoteni, nikiwa kidato cha kwanza. Kochi la watu watatu, vya mtu mmoja viwili, na stuli mbili zilizokuwa zikitolewa wageni wakizidi. Baba alikuwa amevitengenezesha kwa fundi wa Ngong Road kabla hajaoa, na alipenda kusema kwamba alinunua viti kwanza ndipo akatafuta mtu wa kuvikalia. Mama alivipa kanisa bila kumuuliza.

Baba alikuwa akifanya kazi kichinjioni, hapo Dagoretti tulipoishi. Alirudi alasiri na matumbo ya mbuzi yamefungwa kwa karatasi, akasimama mlangoni na gambuti zake, akatazama sebule.

"Tumeibiwa?"

"Hapana. Nimepatia kanisa," Mama alisema.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Chini. Kuna watu wanakaa chini na wako sawa tu."

Baba hakuuliza ni watu gani, maana sote tulijua. Alipita hadi jikoni, akapindua kreti tupu ya soda, akaikalia, akaanza kuosha matumbo. Kreti hiyo ikawa kiti chake kwa miaka iliyofuata, na sikumbuki kumwona hata siku moja akikaa kwenye mkeka wa Mama. Kila mtu ana kiburi chake. Cha baba yangu kilikuwa cha plastiki nyekundu.

Mama, baada ya miaka mingi kwenye nyumba za wazungu, alikuwa yaya wa familia ya Wajapani huko Muthangari. Kila asubuhi alikata njia kupitia Kawangware kwa miguu, akarudi jioni, na Jumapili ndiyo siku pekee tuliyokuwa naye, nayo tukaigawana na kanisa. Katika nyumba ile walikuwa wanawake wawili wa kazi: mpishi, aliyelala huko huko na kununa siku nzima, na Mama, aliyepewa mtoto. Mtoto mwenyewe, msichana, alikuwa mchanga wa wiki tatu. Mama wa mtoto alitaka alale kitandani mwake mwenyewe kama vitabu vilivyosema, lakini mtoto alikataa katakata, akakubali mgongo wa Mama tu. Kwa hiyo Mama alifua akiwa naye, akapiga pasi akiwa naye, akala akiwa naye, amemfunga kwa leso moja nyekundu yenye doa la pasi pembeni.

Mimi nililelewa na shangazi yangu hapo jirani. Simlaumu mtu, kazi ni kazi, na karo yangu ilitoka kwenye mgongo huo huo. Lakini Mama alijua meno ya yule msichana yaliota mwezi gani, na ya kwangu aliambiwa. Jioni alipokaa kwenye kochi na kunyoosha miguu alianza, "Leo mtoto amesema hivi, leo mtoto amekataa hivi," na ilinichukua muda kutambua kwamba nyumbani kwetu neno mtoto halikuwa langu. Mimi niliitwa wewe.

Waliondoka mwanzoni mwa mwaka elfu mbili, mtoto akikaribia kutimiza miaka minne. Baba yake alikuwa injinia na mradi wake ulikuwa umekwisha. Mama alitusimulia mara nyingi, kwa maneno yale yale, jinsi mtoto alivyong'ang'ania leso mlangoni hadi ikabidi waende nayo. Alirudi siku hiyo mgongo mtupu, na pikapu ya kazini ikamletea vitu walivyomwachia: meza fupi ya mbao nyeusi, mikeka miwili minene iliyonukia nyasi kavu, vikombe vinne visivyo na mikono, picha ndefu ya kuning'inizwa yenye mlima na maandishi meusi, na kiambaza cha kukunja, cha fremu ya mbao yenye miraba mingi midogo iliyofunikwa karatasi nyeupe. Vyote vikaingia uvunguni mwa kitanda, ndani ya magunia, vikakaa humo miaka miwili.

Kilichovitoa ni kadi. Mama wa mtoto alikuwa akituma kadi kila mwaka mpya, kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyeisoma na kumtafsiria Mama. Mwaka ule kadi ilisema: labda mwakani tutakuja Kenya, na binti yetu angefurahi kukuona nyumbani kwako. Mimi nikasoma: mwakani tutakuja Kenya, na binti yetu atafurahi kukuona nyumbani kwako. Neno labda nililiruka. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka kuuona uso wa Mama ukifanya kitu kwa sababu yangu. Ulifanya. Ulifunguka wote, nami nikajuta kabla sijamaliza kuikunja kadi.

Wiki hiyo ndiyo mkokoteni ulipokuja.

"Mtoto akija asishtuke," Mama alinieleza, akiwa amepiga magoti akipima sakafu kwa shubiri. "Hawezi kukaa kwa haya makochi yetu. Hajazoea. Lazima apate mahali pake vile alipaacha."

Basi tukageuza sebule ya Dagoretti kuwa Japani, au kuwa ile Japani Mama aliyoijua, ambayo ilikuwa nyumba moja ya Muthangari. Panya walikuwa wamekula karatasi ya kiambaza. Mama aliwaomba majirani pakiti tupu za unga wa mahindi, akazifungua mishono, akazipangusa, akazibandika kwenye miraba kwa uji wa ngano, upande mweupe ukitazama sebuleni. Mchana zilionekana safi kabisa. Jua la saa kumi lilipopiga dirishani, maandishi ya upande wa nyuma yalijitokeza, kilo mbili, kilo mbili, kilo mbili, yote yakisomeka kinyume. Mikeka miwili haikutosha, kwa hiyo tulikwenda Kariokor kutafuta mingine. Mchuuzi alileta yenye rangi za zambarau na kijani, Mama akakataa, akataka isiyo na rangi hata kidogo. Yule mchuuzi alimwambia mkeka usio na rangi haujaisha kufumwa. Mama akanunua hivyo hivyo.

Vitambaa vyake vya kufuma, alivyovimaliza kwa miaka na kuvitandaza juu ya kila kiti na juu ya redio, alivitia sandukuni. Kalenda ya kanisa ilihamia chumbani. Ukutani ukabaki mlima peke yake, na chini yake kopo lenye tawi moja alilolikata kwenye ua wa jirani. Tawi moja tu. Nikaweka la pili, akalitoa. Viatu vilivuliwa nje, na Dagoretti ikinyesha ni matope tupu, ikawa tunasimama kwenye veranda kama kunguru tukipangusa miguu kwa gunia.

Nitakiri jambo moja. Ile sebule ilikuwa nzuri. Ilikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona kwenye nyumba ya mtu yeyote tuliyemjua, na kuna siku nilitoka shuleni nikalala pale katikati nikitazama dari, nikafurahi. Kisha nikakumbuka ilikuwa ya nani.

Kina mama wa ushirika wa kanisa walikuja Alhamisi ya pili. Walikuwa na zamu ya kutembelea nyumba baada ya nyumba, na ilikuwa zamu yetu. Sasa, kwetu magharibi mtu akifariki, viti hutolewa nje, sebule huachwa wazi, na mikeka na magodoro hutandikwa ili waombolezaji wakae na kulala chini. Wale kina mama nusu yao walikuwa wa kwetu. Walipoona viatu nje wakaacha kuongea. Walipoingia, wakaona sakafu. Mwenyekiti wao akaketi polepole, akaanzisha pambio la msiba kwa sauti ya chini, wenzake wakaitikia, na mmoja akaanza kupangusa machozi kabla hajajua anamlilia nani.

Mama alitoka jikoni na birika mkononi.

"Pole sana, dada," mwenyekiti akamwambia. "Ni nani ametuacha? Mbona hamkututumia neno?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Sasa hii ni nini?"

"Hii ni staili," Mama alisema. "Ya Wajapani. Kuna mgeni wangu anakuja."

Walikunywa chai kwenye vikombe visivyo na mikono, wakiungua vidole, bila kusema mengi. Wakati wa kuondoka, mwenyekiti alimvuta Mama kando, nami nilikuwa pale nikimpa viatu vyake.

"Rudisha viti, dada. Nyumba haitandikwi matanga bure. Ikikaa hivi sana, itatafuta mtu wake."

Mama alicheka. Kule jikoni Baba hakucheka.

Mwaka uliotajwa ukapita. Kadi iliyofuata ilisema wamehamia Ujerumani kwa kazi nyingine. Iliyofuata haikusema lolote ila heri. Mama hakuniuliza mbona hawakuja, nami sikumwambia kuhusu lile neno. Kila robo mwaka alibandua pakiti za unga zilizogeuka manjano, akabandika mpya. Nilimaliza shule, nikapata kazi ya kupokea simu katika ofisi moja mjini, na bado nilirudi jioni nikakunja magoti kwenye meza fupi. Magoti yangu yalizoea. Ningeweza kukaa juu ya visigino saa nzima bila kufa ganzi. Nilimwambia Mama hivyo siku moja, kwa majivuno. "Vizuri," akasema, "utamkalisha mtoto hivyo akija."

Mtoto alikuja miaka tisa baada ya kuondoka. Baba yake alikuwa na mkutano wa siku tatu Nairobi na akamleta binti, na mtu wa ofisi yao akatupigia simu. Baba yake mwenyewe ndiye aliyepanga matembezi hayo. Mama yake alibaki Ujerumani.

Nilitumwa mjini kumchukua, kwa sababu dereva hangeijua njia ya kwetu. Nilimkuta kwenye ukumbi wa hoteli, msichana mrefu wa miaka kumi na mitatu, amezama kwenye sofa kubwa, miguu juu, viatu vikiwa vimetupwa kwenye zulia. Hakuna mtu niliyewahi kumwona aliyestarehe kwenye kochi kama yule. Nilisimama pale nikamtazama kabla ya kujitambulisha.

Mama alikuwa ameamka mapema kuliko alivyowahi kuamkia kazi. Alikuwa amebandika karatasi mpya. Alipotusikia kwenye veranda alifungua mlango, na akatamka neno ambalo kule Muthangari mama wa mtoto alimwambia mumewe kila jioni, neno la kumpokea mtu anayerudi nyumbani. Alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima.

"Hello," msichana akasema.

Lakini alivua viatu bila kuambiwa, na Mama akanigeukia kama mtu aliyeshinda kesi. Hiyo ilikuwa dakika yake moja. Niliiona na ninashukuru aliipata.

Msichana alitazama huku na huku. Alisema kwa Kiingereza kwamba bibi yake, huko kijijini, ana chumba kama hiki. Kisha akajaribu kukaa. Alikunja mguu mmoja, akakunja mwingine, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu ikafika chini ya meza, akaikunja tena. Mama alimmiminia chai. Alikuwa anaimba kwa ndani ya pua, kile kibembelezo cha kwetu alichomlazia mtoto, na aliimba beti zote. Msichana alitabasamu kwa adabu, kisha akaniinamia na kuuliza kama kuna kiti. Alisema anaomba radhi, nyumbani kwao hawakai chini, mgongo unamuuma.

Miaka saba bila viti, na mimi na visigino vyangu.

Baba ndiye aliyetoka jikoni. Sijui alisikia nini au alielewa nini. Alikuwa ameshika kreti yake, ameipangusa, ameweka juu yake taulo iliyokunjwa. Aliiweka kando ya meza, akamwonyesha msichana kwa mkono, akarudi jikoni. Msichana akakalia kreti, na magoti yake yakawa juu kuliko meza, na Mama chini yake akimshikia kikombe.

Kisha msichana akafungua mkoba, akatoa leso nyekundu. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri sana, na doa la pasi lilikuwa pale pembeni.

"Mama yangu alisema walikuwa wawili," aliniambia. "Mmoja alikuwa anapika, mmoja alikuwa ananibeba. Hii nimrudishie aliyenibeba. Muulize, yeye alikuwa yupi?"

Nilimgeukia Mama. Nilifanya nilichofanya nikiwa na miaka kumi na minne, maana sikuwa nimejifunza kitu.

"Mama, anasema anakukumbuka," nikasema. "Anasema amekuletea leso yako."

Mama alikuwa anatazama leso. Aliweka kikombe mezani.

"Wacha," akasema. "Hajasema hivyo."

Nikachukua birika nimwongezee chai.

"Nimekaa na wazungu na Wajapani miaka kumi na minane. Unafikiria sisikii Kiingereza? Hata ile kadi nilisikia. Ilisema labda. Nilikuwa nangoja uniambie."

Aliijua ile labda tangu siku ya kwanza, akatoa viti hata hivyo. Msichana alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akisubiri.

"Mwambie mimi nilikuwa napika," Mama alisema.

"Mama."

"Mwambie."

Nikamwambia. Uso wa msichana ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo, kwa sababu hakuwa na deni lolote kwa mpishi. Akauliza kama mpishi anajua alipo yule mwingine.

"Mwambie huyo alikufa."

Nilitafsiri. Nilitafsiri kila neno, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuongeza wala kupunguza. Msichana aliweka mkono kifuani, akasema pole, na neno hilo alilisema kwa Kiswahili. Sijui alifundishwa na nani. Kisha akauliza kama marehemu aliacha watoto.

Mama alinitazama. Nilikuwa nimekaa vile alivyonifundisha, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, nimempangia mgeni wake vikombe vyake.

"Alikuwa na mtoto mmoja," alisema. "Leso apewe huyu. Atampelekea."

Msichana akaniwekea leso mikononi kwa mikono yake miwili. Ilinukia sabuni ya kwao. Baada ya hapo aliomba kupiga picha ya chumba amwonyeshe bibi yake, akapiga, na dereva akapiga honi.

Nilijaribu kumfunga Mama ile leso mabegani walipoondoka. Aliitoa bila hasira, akanirudishia. Nilitaka aniulize mbona nilimdanganya kuhusu kadi, au anitukane. Badala yake alikusanya vikombe, akaviosha, akarudi kukaa kwenye mkeka akikitazama kiambaza. Ilikuwa saa kumi na jua lilikuwa limefika dirishani.

Sitasema aliugua. Aliamka, akapika, akaenda kanisani. Lakini hakubandika karatasi tena, na ile iliyokuwepo ikaanza kuachia pembe moja moja. Tawi lilinyauka ndani ya kopo, na nilipoweka jingine hakuliondoa wala kuliona. Nilijitolea kununua viti kwa mshahara wangu. Alisema viti vya nini. Baba hakuichukua kreti yake. Ilibaki pale kando ya meza, taulo juu yake, na yeye akawa anakula chakula chake amesimama mlangoni pa jiko.

Baadaye mwezi huo zamu yetu ya ushirika ikafika tena. Kina mama waliingia, wengine wale wale, wamezeeka kidogo. Waliona karatasi zinazoning'inia, sakafu, Mama amekaa na mgongo ukutani. Mwenyekiti hakuuliza safari hii. Aliketi karibu naye, akamshika mkono, akaanzisha lile pambio la chini, na wenzake wakaitikia.

Nilikuwa mlangoni na birika. Nilimsubiri Mama aseme hakuna mtu amekufa. Waliimba hadi mwisho, wakaomba, mwenyekiti akamwambia pole sana, dada, Mungu akupe nguvu.

"Asanteni kwa kuja," Mama alisema.